Jumapili Zangu Juu ya Tembe la Watu

Mjomba wangu alivuka Ugogo kwa miguu mara nne, na kila mara alirudi pwani na hadithi za kutosha msimu mzima. Alikuwa mtu wa misafara ya zamani, ile iliyokwenda Tabora kwa miezi mitatu, wapagazi nyuma na bendera mbele. Akikaa barazani kwetu Pangani, wanaume walisahau kahawa mikononi mpaka ikapoa. Kulikuwa na kiu, kulikuwa na simba, kulikuwa na watemi waliodai hongo ya nguo kabla hujanywa maji ya kisima chao. Mimi nilikuwa mtoto wa kukaa mkekani, na niliapa kimoyomoyo kwamba siku moja nitakuwa msafiri kama yeye.

Nikawa. Nilifika Dodoma kwa gari la moshi, nimekaa kwenye benchi, nikila maandazi ya mama njia nzima. Nililala mara mbili. Hatari pekee iliyonipata ni chembe ya masizi iliyoniingia jichoni karibu na Morogoro, nikalia mpaka abiria mwenzangu akanipa leso.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Shule ya Wajerumani kule pwani ilinifundisha kusoma, kuandika na kupiga simu ya waya, ile inayogongwa kwa kidole na kumfikia mtu aliye mbali bila yeye kusikia sauti yako. Reli ilipofika Dodoma, serikali ikanipeleka stesheni kuwa karani wa simu. Mama alilia kama naenda vitani. Mjomba alinishika bega, akasema, "Ukirudi utusimulie."

Basi kazi ilikuwa kazi. Mungu alitupa Ijumaa, Mjerumani akatupa Jumapili. Ijumaa niliruhusiwa kwenda kuswali na kurudi mbio. Jumapili nilipewa nzima, kwa sababu bwana wa stesheni, Mjerumani mpweke mwenye masharubu ya rangi ya mahindi, aliipenda mashine ya simu kuliko alivyopenda watu, na siku hiyo aliikalia mwenyewe.

Miezi ya kwanza Jumapili zangu nilizitumia kulala na kulalamika. Nilikaa nyumba moja na Mrangi wa Kondoa, mfanyabiashara wa tumbaku na asali, mtu mzima kidogo kuliko mimi, mwenye subira nyingi. Yeye ndiye aliyepokea malalamiko yangu yote. Upepo unapuliza vumbi mpaka ndani ya chungu. Maji yana chumvi. Nazi hakuna. Samaki hakuna. Watu wa hapa hawajui mtu wa heshima akipita. Alikuwa akisikiliza huku akifunga mafungu ya tumbaku. Siku moja akaniuliza, "Ndugu yangu, wewe umekuja Dodoma au umeletwa kama gunia?"

Nilikasirika. Lakini juma lile lile ilifika barua ya nyumbani, iliyoandikwa na mwalimu wa chuo cha Kurani kwa maneno ya mama. Mwishoni palikuwa na mstari mmoja wa mjomba: anauliza, huko bara umeona nini mpaka sasa? Niliinua kichwa nikatazama dirishani ili nipate cha kujibu. Nikaona punda. Nilingoja, labda patokee kitu kingine. Punda akajikuna kwenye nguzo ya simu, akaenda zake.

Siku hiyo niliamua kwamba Jumapili zangu zitakuwa za safari.

Kwanza nilijitayarisha. Nilikwenda kwenye duka la Mhindi karibu na stesheni nikanunua mwavuli mweusi na viatu vya ngozi. Viatu vilikuwa vidogo, lakini viling'aa, na mwenye duka alinihakikishia kwamba ngozi inatanuka. Hakusema inatanuka mwaka gani. Nilinunua pia daftari la kuandikia mambo nitakayoyaona. Jumapili asubuhi nikavaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kofia ya kufuma, viatu, mwavuli mkono wa kulia, daftari mkono wa kushoto.

Mrangi alinitazama kuanzia juu mpaka chini. "Unakwenda kuoa?"

"Naenda kutazama nchi."

"Nchi itakutazama wewe," akasema. Kisha akanifundisha salamu ya Kigogo, kwa kuwa alikijua Kigogo kama lugha ya mama yake. "Ukikuta watu sema mbukwenyi. Wakikujibu mbukwa, basi mmeamkiana. Hilo tu linakutosha."

Jumapili ya kwanza nilikwenda mpaka kwenye mwamba mkubwa uliokuwa ukionekana kutoka stesheni. Nilidhani ni mwendo wa nusu saa. Nilitembea asubuhi nzima. Nilipofika niliketi kivulini, nikafungua daftari, nikaandika: "Jiwe. Kubwa." Nikafikiri sana cha kuongeza. Sikupata. Kurudi nilipotea kati ya vichaka vya miiba, nikaokolewa na mbuzi waliokuwa wakirudi zizini. Niliwafuata nyuma kwa adabu mpaka nikaona bati la stesheni. Kwa mjomba niliandika kwamba nimeongozwa na wenyeji.

Nilifanya hivyo Jumapili kama tano. Nilizunguka huku na huku, nikisimama mbele ya makao ya watu, nikiyatazama, nikiandika. Nilishangaa kidogo kwamba kila nilipofika palikuwa kimya: hakuna mbuzi, hakuna watoto, labda kikongwe mmoja tu mlangoni asiyenijibu. Nikaandika kwenye daftari kwamba Wagogo ni watu wenye haya na wana mifugo michache mno.

Jumapili ya sita nilichukua njia ya Nkuhungu. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, ardhi imekauka mpaka inalia chini ya kiatu, na jua halina huruma. Nilitaka kupata mahali pa juu nione nchi yote kwa mara moja, kama wanavyofanya wasafiri. Nikaona kimwinuko kidogo. Nikakipanda. Juu palikuwa pamenyooka vizuri, udongo mgumu mtupu, na watu walikuwa wameanika vipande vya maboga na majani ya mboga. Nilistaajabu kwamba mtu atoke nyumbani kwake apande kilima kuja kuanika maboga. Nikaliandika hilo.

Ninyi mnaoijua nchi ile mmekwisha kucheka. Nyumba ya Mgogo, tembe, ni fupi na ndefu kwa ubavu, kuta zake ni miti na udongo, na paa lake ni bapa, nalo ni udongo vilevile. Nilikuwa nimeyaona matembe mengi kwa mbele. Hili lilikuwa limejengwa likaegemea mteremko, na mimi nilitokea nyuma. Kwa hiyo hapo niliposimama kwa fahari, mwavuli umefunguliwa, daftari mkononi, nilikuwa nimesimama juu ya vichwa vya watu.

Nilirudi hatua moja nyuma ili nione vizuri zaidi.

Mguu wa kulia ulizama. Nilijaribu kujitegemeza kwa wa kushoto, nao ukaufuata mwenzake. Kitu kikavunjika chini yangu kwa sauti kavu, vumbi likaruka, na nilipofumbua macho nilikuwa nimekwama kwenye tundu mpaka kwapani. Mikono na kichwa vilikuwa Dodoma. Miguu ilikuwa ikining'inia katika giza la nyumba ya mtu.

Chini nilikuwa nikisikia mtu akisaga nafaka kwa jiwe, ingawa sikujua kwamba ndicho nilichokuwa nikisikia mpaka sauti ile iliponyamaza. Kisha mkono ukagusa kiatu changu. Ukakipapasa. Ukakivuta. Kiatu kikatoka, na naungama kwamba, pamoja na aibu yote ile, kidole changu kikubwa kilimshukuru Mungu. Mkono ukavua na cha pili.

Sauti ya mwanamke ikaanza kusema na miguu yangu kwa Kigogo, maneno mengi, polepole, kama mtu anayehoji mgeni. Sikuelewa hata neno moja. Lakini niliona lazima nijibu, basi nikajibu kwa Kigogo chote nilichokuwa nacho.

"Mbukwenyi!"

Kutoka chini, kwa heshima kamili: "Mbukwa."

Tukawa tumeamkiana.

Hapo akapanda mwanamume mzee kutoka upande wa zizi, mrefu, mkavu, shuka begani na fimbo mkononi. Alisimama pembeni mwa paa akanitazama kwa muda mrefu. Nilingoja aniseme kwa lugha yake. Badala yake alijaza kifua hewa na kupaza sauti, kwa Kiswahili safi cha pwani, sauti ya kiongozi wa msafara:

"Tueni mizigo! Kambi hapa!"

Sikujua nicheke au nilie. "Mzee, nisaidie."

Alipigapiga paa kwa fimbo mbele yake, akatikisa kichwa, hakusogea. "Shuka."

"Nishuke wapi?"

"Chini."

"Nitaanguka!"

"Umekwisha anguka. Maliza."

Nikaacha mikono. Nilitua ndani ya kilindo, pipa kubwa la gome la mti ambamo walihifadhi uwele, nikazama mpaka kiunoni katika chakula cha watu. Mwavuli ukanifuata ukanipiga kichwani. Mwanamke alikuwa amesimama mbele yangu, viatu vyangu mkononi. Alikuwa mtu mzima wa makamo ya mama yangu, mwenye shanga shingoni na unga mpaka kwenye viwiko. Hakuniangalia mimi. Aliangalia juu, kwenye tundu. Akachukua kipande cha boriti kilichoanguka, akakibonyeza kwa vidole viwili. Kikamomonyoka kama biskuti. Mchwa walikuwa wameimaliza yote ndani wakaacha ganda. Akatoka nje na kile kipande, akakitupa miguuni kwa mumewe aliyekuwa akishuka, akaanza kusema. Alisema mpaka nikafikiri ni laana zote za Ugogo zinateremshwa juu yangu. Aliponyamaza kuvuta pumzi nilimwuliza mzee, "Anasemaje?"

Mzee alitazama pembeni. "Anasema karibu."

Baadaye sana, nilipojua maneno machache, nilielewa alichosema. Alisema kwamba misimu miwili ya mvua amemwambia mumewe boriti ile imeliwa, naye mume akajibu boriti ni nzima. Sasa Mungu amemletea shahidi kutoka juu. Kwa hiyo mke hakunichukia hata siku moja. Aliyenichukia ni mume, maana nilikuwa nimemshindia mkewe kesi.

Walinitoa kwenye uwele, wakaniketisha kwenye kigoda, wakanipa maji. Mzee akaniuliza natoka wapi. Nikasema Pangani. Uso wake ukafunguka. "Muungwana!" Ujanani alibeba mizigo ya watu wa pwani, alifika Tabora, na mara moja alifika mpaka baharini, akaonja maji yake akatema. Kiswahili chake chote alikipata njiani, tena alikipata kwa kuamrishwa, kwa hiyo hakujua namna nyingine ya kukisema.

"Utakuja lini kutengeneza?" akaniuliza.

Nilivuta kanzu yangu, iliyokuwa imepasuka ubavu mzima. "Mzee, mimi ni karani wa serikali. Kazi yangu ni nyingi."

"Siku moja huna kazi," akasema. "Tunakuona. Unazungukazunguka na mwavuli na kitabu. Kila ukija tunakimbiza mbuzi porini, na watoto. Tunasema ni yule anayehesabu nyumba za kodi."

Niliona haya ambayo mpaka leo sijaweza kuieleza. Jumapili tano nimejiona msafiri, kumbe nchi nzima ilikuwa ikihama mbele yangu kwa kuniogopa. Ule ukimya niliouandika kwenye daftari ulikuwa watu waliojibanza nyuma ya vichaka na mbuzi wao, wakingoja mpumbavu aende zake.

Nilirudi mjini. Mrangi alinikuta naoga, mgongo umechubuka. Nilimsimulia yote. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akajifuta macho na kusema, "Jumapili ijayo vaa kaptula. Na ukifika, tafuta mlango."

Nilitafuta mlango. Mzee alikuwa akinisubiri na shoka. Tulikwenda kukata boriti mpya kwenye kichaka cha mbali, yeye na mwanawe wa kiume mmoja aliyekuwa bubu kabisa mbele yangu, mimi katikati. Mti wenyewe ulikuwa mgumu kama chuma cha reli. Nilipiga shoka mara kumi, nikaona nimeupaka tu alama. Mzee alinitazama akainua sauti yake ile.

"Haya, mpagazi! Beba! Mbona umelala? Jua limepanda! Mvivu we!"

Maneno hayo niliyajua. Niliyasikia tangu utoto, barazani, mjomba akituigizia jinsi alivyowaamsha wapagazi wake, na sisi tukicheka. Sikuwahi kufikiri kwamba kulikuwa na watu upande wa pili wa maneno yale. Sasa nilikuwa nimebeba boriti begani, nimefumba jicho moja kwa jasho, na maneno yalikuwa yakija kwangu. Mzee hakuwa na ubaya. Alifurahi tu. Nafikiri alikuwa ameyahifadhi miaka thelathini bila kupata mtu wa kumwambia.

Mke wake alikuwa mkali zaidi, ila kwa lugha nisiyoielewa. Alisimamia udongo. Udongo ulichanganywa na kinyesi cha ng'ombe na maji, ukakanyagwa kwa miguu mpaka ulainike, na mkanyagaji nilikuwa mimi. Alikuwa akisema maneno marefu, na mume akinitafsiria.

"Anasema nini?"

"Anasema kanyaga."

Anasema tena, kwa mikono, akinionyesha miguu yangu, akiita jirani aje aone, jirani akicheka mpaka anashika ukuta.

"Na sasa?"

"Anasema kanyaga vizuri."

Watoto waliokuwa wakifichwa nisiwahesabu sasa walikuja kutoka kila upande kunitazama. Walinipa jina la Kigogo lenye maana ya yule anayeingia kwa juu. Mpaka nilipoondoka Dodoma sikupata jina lingine upande ule.

Jumatatu ya kwanza baada ya kazi ile, mikono yangu ilikuwa na malengelenge na kidole cha kupigia simu kimevimba kama ndizi mbivu. Nilikaa mbele ya mashine nikaomba stesheni ya mbele ituletee behewa moja la ng'ombe. Kidole kilitetemeka. Yakaja sita. Bwana wa stesheni alisimama ukumbini akayatazama mabehewa matano matupu, kisha akaniita nimwonyeshe mikono.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa napumzika, bwana."

Aliigeuza mikono yangu, juu na chini. "Wewe acha kupumzika," akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama reli. "Pumziko litakuua."

Sikuacha. Mwanzoni nilijiambia naenda kwa sababu nimeharibu na lazima nitengeneze. Lakini ilipofika Jumapili ya nne nilijikuta nimeamka kabla ya adhana, nimefunga kaptula, natafuta kofia ya zamani. Mrangi aliniuliza kwa nini naimba.

Chakula ndicho kilichonishinda. Adhuhuri mama mwenye nyumba alitenga ugali wa uwele na mlenda, mboga ile inayoteleza na kuvutika. Pwani mtu anasifiwa kwa kula kwa adabu, bila kudondosha. Hapa nilichovya tonge, nikaliinua, na mlenda ukaja pamoja nami kama kamba, kutoka bakuli mpaka kidevuni, kutoka kidevuni mpaka kifuani. Nilijaribu kuukata kwa mkono wa pili. Ukashika na huo. Yule kijana bubu wa mzee, ambaye siku zote hakuwa amenena nami neno, ndipo akacheka kwa mara ya kwanza. Na mama akaja, akanishika kifundo cha mkono kama ninavyoshikwa na mama yangu, akanionyesha: unazungusha tonge, unalikata pembeni ya bakuli, halafu unainua. Nilijifunza kwa majuma matatu. Nilipofaulu mara ya kwanza walipiga vigelegele, na mimi, karani wa serikali, nilijisikia kama nimepandishwa cheo.

Siku moja tukiwa juu ya paa, tunapanga fito juu ya boriti mpya, nilimwuliza mzee kuhusu viongozi wa misafara. Wakati huo nilikuwa nimeanza kumwamkia shikamoo. Mwanzoni sikumwamkia, na hilo pia ni la kuona haya. Alisema anamkumbuka mmoja zaidi ya wote. Alikuwa mtu wa pwani, kijana, mwenye kanzu na mwavuli. Walipofika Ugogo miguu yake ilitoka malengelenge, akabebwa na watu wanne kwenye machela siku saba. Siku maji yalipokwisha alilia, akasema anamtaka mama yake. Lakini kila walipokaribia kijiji alishuka kwenye machela, akavaa viatu, akatembea mbele ya bendera.

Mwavuli ule niliujua, au nilidhani naujua. Ulikuwa ukining'inia kwenye msumari nyumbani kwetu. "Alikuwa wa Pangani?" nikauliza. "Alikuwa na jina gani? Labda ni mjomba wangu."

Mzee aliweka ufito wake mahali pake, akaugonga ukakaa.

"Wote walikuwa mjomba wako," akasema.

Barua niliyoiandika nyumbani juma lile ilieleza hali ya hewa.

Tulimaliza paa kabla ya mvua. Sehemu yangu niliijaza udongo mara mbili, kwa kuogopa isivuje, nikaupigapiga kwa ubao mpaka ukang'aa. Mzee alisema umezidi. Nikamwambia mimi nimesoma shule. Mvua ya kwanza ilikuja siku ya kazi, mchana, radi juu ya stesheni na maji yakishuka kama yamemwagwa kwa ndoo. Nilikaa kwenye mashine nikisikiliza bati likilia, na sikuweza kufikiri kitu kingine isipokuwa kile kipande cha paa. Bwana wa stesheni aliniuliza mara mbili kama naumwa.

Jumapili nilikwenda mbio, matope mpaka magotini. Mama alinipokea mlangoni akinishika mikono yote miwili, akaniingiza ndani, akanionyesha juu. Kavu. Sehemu yangu haikuvuja hata tone. Nilisimama chini yake nikiitazama kama mtu anayetazama msikiti alioujenga yeye. Kisha nikamwona mzee amekaa kona, amejifunika ngozi, anatetemeka. Udongo wangu ulikuwa mwingi mno, umefanya nundu juu ya paa, na maji yote ya nyumba yaliikimbia nundu yakaenda kuingia pale alipolala yeye. Tandiko lake lilikuwa likielea.

Mama alisema sentensi ndefu. Nilikuwa nimekwisha jifunza kiasi cha kuelewa nusu yake: kwamba mwaka huu paa ni zuri kuliko miaka yote.

"Anasemaje?" nilimwuliza mzee, kwa heshima tu.

"Anasema panda juu," akajibu. "Na leta koleo."

Kwa zaidi ya mwaka Jumapili zangu zilikuwa pale. Tulipalilia, tulikamua, tulikaa. Nilijifunza kutofanya lolote pamoja na watu, jambo gumu kuliko kutofanya lolote peke yako. Daftari lilibaki kwenye sanduku, nalo lina kurasa nne zilizoandikwa, na mojawapo ni ile ya jiwe.

Kisha vita vya Wazungu vikafika. Mapumziko yakafutwa. Treni zilipita mchana kutwa na askari na mizigo, mashine yangu haikunyamaza, na bwana wa stesheni alilala kitini. Majuma sita sikutoka. Siku moja adhuhuri niliinua macho nikamwona mzee amesimama kwenye ukumbi wa stesheni, mahali ambapo hajawahi kukanyaga, kibuyu cha maziwa ya mgando mkononi, akiwapisha askari bila haraka. Nilimwingiza ndani nikampa kiti. Alinipa kibuyu. Nilikunywa huku nikigonga mashine kwa mkono wa pili.

Alisikiliza ti-ti-ta zile kwa makini. "Unasema na nani?"

"Na karani wa Kilosa."

"Mtu?"

"Mtu, mzee."

"Mnaongea kila siku?"

"Kila siku. Mwaka wa tatu huu."

"Sura yake ikoje?"

Niliacha kunywa. Nikasema sijui, sijamwona.

Mzee alinitazama kwa huruma ambayo hakunionyesha hata siku ile nilipokuwa nimekwama kwenye paa lake. Alisema siyo vizuri. Alisema, siku watakayokurudishia mapumziko yako, wewe panda gari hilo lako uende, ubebe kitu mkononi, ukae naye, mle. Halafu urudi uniambie ni mtu wa namna gani.

Nikamwahidi. Akasubiri nimalize maziwa, akachukua kibuyu chake, akaondoka akifuata reli mpaka alipokatia njia ya Nkuhungu.

Karani wa Kilosa sikumwona. Jeshi la Kiingereza liliposogea tulihamishwa magharibi usiku mmoja, waya ukakatwa, na sikujua alikwenda wapi. Namna yake ya kugonga naikumbuka hadi leo: alikuwa na haraka mwanzoni mwa neno, akasita kidogo kabla ya kulimaliza.